Uliza Fundi: Paka kaimaliza miguu ya meza

Mbukwenyi wasomaji. Mwezi huu nilipanga kujibu maswali ya milango inayobana, ila nimefungua meseji zenu nakuta paka, paka, paka, mwisho wake nikaacha milango yote nikakaa na paka. Na sababu naijua. Mavuno yaliingia ndani kuanzia mwezi wa tano, magunia ya mtama na uwele na karanga yamepangwa koridoni, panya wakafuata, mtu akaenda kuomba katoto ka paka kwa jirani, sasa kale katoto kamekua, panya wameisha, kucha zimehamia kwenye fanicha. Haya, twende.

*Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Ilazo hapa Dodoma. Nina meza ya chakula ya mninga na viti sita, meza niliachiwa na marehemu baba, aliinunua Tabora enzi hizo yupo reli. Tuna paka anaitwa Mchele, kwa panya sina malalamiko naye, ila kila asubuhi akiamka tu anaenda kwenye mguu uleule wa meza, akitoka hapo kiti cha baba watoto, anasimama kwa miguu ya nyuma anaparura mpaka unga unadondoka. Tumempiga, nimepaka pilipili, hasikii. Fundi mmoja alikuja kuangalia akasema atajaza fila ya kopo halafu apige rangi ya brauni meza nzima. Mume wangu yeye anasema atamtia Mchele kwenye gunia akamwage huko Veyula. Meza naitaka na paka namtaka, nifanyeje?*

Marahaba mama. Kwanza yule fundi mwambie asubiri, na ikiwezekana asubiri moja kwa moja. Mninga wa zamani kuupiga rangi ya brauni ni dhambi, sina neno jingine.

Pili, Mchele asiende Veyula. Yeye hajui kama hiyo ni meza ya marehemu. Anaparura kwasababu lazima aparure, kucha ya paka inakua kwa matabaka na lile ganda la nje likizeeka inabidi livuke, ukiinama hapo chini ya meza utaokota viganda vyembamba vilivyopinda kama mwezi mchanga, usiogope, sio kucha iliyong'oka hiyo. Tena akitoka kulala anajinyoosha mgongo na mabega, si umesema mwenyewe ni kila asubuhi. Na kuna la tatu wengi hawalijui, kwenye nyayo za paka kuna tezi zinaacha harufu, sisi hatuisikii ila yeye anaisikia, yaani anagonga muhuri kwamba hapa ni kwangu. Ndo maana harudi mguu mwingine, anarudi uleule, una harufu yake na ushakuwa na nyuzi nyuzi kucha zinashika vizuri. Kiti cha baba watoto nacho mwambie mzee aichukulie kama heshima.

Kumpiga hakumfundishi kuacha, kunamfundisha asiparure ukiwepo. Pilipili ndo mbaya zaidi, anaikanyaga, anajilamba, anajipangusa uso inaingia machoni, na huyo mtoto wako wa mwisho akishika mguu wa meza naye mtalia wote.

Halafu tuwe wakweli, paka wa zamani hakuwa na hii kesi. Alikuwa na mwarobaini uani, ana nguzo za zizi, ana kuni zimeegeshwa jikoni. Sasa hizi nyumba za Ilazo na Kisasa ndani tailizi, nje pevingi ukuta mpaka ukuta, mti hakuna, ukiangalia kwa macho ya paka kitu pekee cha kushika kucha humo ndani ni meza yako. Kwahiyo ukitengeneza meza leo bila kumpa pengine pa kuparura, wiki ijayo unanipigia tena. Paka kwanza, mbao baadae. Najua mnapenda kuanza na msasa, subirini.

Mtengenezee nguzo yake. Chukua gogo lililonyooka au mbao ya inchi nne kwa nne, urefu futi mbili na nusu mpaka tatu, kwasababu anatakiwa asimame ajinyooshe mwili wote, ukimwekea kifupi ataona unamtania. Kitako chake kiwe ubao mzito wa futi moja na nusu kila upande, ifunge kwa skrubu ndefu kutokea chini, sio misumari, maana ikiyumba mara moja tu paka haji tena, na hapo ndo watu wengi wanaposema paka wangu kakataa nguzo, hajakataa nguzo bwana, kakataa kuangukiwa. Kisha zungushia kamba ya katani, ile ya unene kama wa kidole kidogo, ibane mzunguko kwa mzunguko bila kuacha nafasi, anza na gundi ya maji na msumari mdogo, malizia hivyo hivyo na vichwa vya misumari vizame ndani. Kwa nguzo ya unene huo andaa kama mita thelathini za kamba. Wengine wananiambia ni nyingi, sawa, basi tafuta gunia kuukuu la katani ulikaze kwenye nguzo, nalo analipenda. La nailoni usijaribu, nyuzi zake zinanasa kucha.

Katani yenyewe si tunayo. Zao hili aliliingiza Mjerumani anaitwa Richard Hindorf mwaka 1893, miche ikatokea Florida ikaja kupandwa upande wa Tanga, na leo huko Ulaya mtu ananunua nguzo ya paka iliyozungushiwa katani kwa hela ya mbuzi mzima, sisi kamba hiyohiyo tunafungia mbuzi.

Sasa nguzo usiipeleke stoo eti sebule isiharibike. Iweke palepale, iguse kabisa ule mguu wa meza anaouparura. Mguu wenyewe ufute na maji ya sabuni kidogo harufu yake ipungue, ukauke, halafu uzungushie nailoni laini au selotepu ya pande mbili ile ya kunata, paka hapendi kabisa kitu kinachomnata kwenye nyayo. Selotepu uibandike juu ya nailoni, usiibandike kwenye mbao moja kwa moja, siku ya kuitoa itaondoka na vanishi. Akienda nguzoni mpe kipande cha dagaa hapohapo. Usimshike miguu ukamlazimisha kuparura, atachukia nguzo na atakuchukia wewe. Kaa hivyo wiki mbili tatu. Ukiona nguzo imeanza kufumuka nyuzi na mguu wa meza haujaguswa, ndo unaanza kuisogeza nguzo kidogo kidogo, shubiri moja kwa siku, mpaka pale unapotaka wewe, ila pasiwe mbali sana na anapolala.

Kucha nazo zikatwe ncha kila baada ya wiki mbili au tatu. Mpakate akiwa na usingizi, bonyeza kidole taratibu kucha itatoka, utaona ncha nyeupe na kwa ndani sehemu ya pinki. Kata ile ncha tu. Kwenye pinki kuna mshipa wa damu na fahamu, ukikata hapo atakukumbuka. Bahati mbaya ikitokea damu, bandika unga wa ngano au muhindi ubane dakika chache itaacha. Ukimaliza kucha mbili akikasirika muache, zingine kesho, hakuna haraka.

Haya sasa mbao. Mninga ni mbao nzuri sana kutengeneza, haichezichezi ikishakauka, na rangi yake mwenyewe inaficha mengi. Toa nailoni, mguu upate mwanga wa jua la pembeni uone kila mkwaruzo. Zile nyuzi zinazoning'inia usizing'oe kwa mkono, zinaondoka na nyama. Zilizokufa zikate kwa wembe, zile pana ambazo bado zimeshika chini zilambishe gundi ya maji kwa njiti ya kiberiti, zilaze, funika na kipande cha nailoni, halafu zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli uukaze kweli, uache mpaka kesho yake. Mpira wa tyubu ndo klampu yetu ya miaka yote, unabana mguu wa duara ambao klampu ya chuma inateleza.

Pale ambapo mbao haijakatika ila imebonyea tu, kuna ujanja wa pasi. Lowesha kitambaa cha pamba kikamue, weka juu ya mbonyeo, gusisha pasi ya moto sekunde chache, ondoa, angalia, rudia. Mvuke unaingia nyuzi zinavimba zinarudi juu. Inafanya kazi kwenye mbao kamili tu, tena iliyotolewa vanishi, na mkwaruzo uliokatika haurudi kwa pasi, usikae hapo saa nzima unaunguza mninga wa watu.

Kisha msasa. Namba 120, halafu 180, umalizie na 240, siku zote kufuata uzi wa mbao, ukipiga kukatisha unaongeza mikwaruzo yako juu ya ya Mchele. Vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua na wengine linawabana kifua. Na lile vumbi la 240 usilitupe! Likusanye kwenye karatasi, ndo fila yako hiyo. Mifereji iliyobaki kuwa mirefu ijaze kwa kuchanganya vumbi hilo na sila, ile tunaita sendi sila, ya kuziba vitundu vya mbao kabla ya vanishi, mpaka iwe kama uji mzito wa mtoto, paka kwa kisu butu, acha ijae kidogo kuzidi usawa maana ikikauka inashuka, halafu msasa tena. Wengi wanachanganya na gundi ya maji, inashika ndio, ila gundi hainywi rangi na ukipiga vanishi panabaki doa. Fila ya kopo ndo kabisa, kwenye mninga inakaa kama plasta kwenye paji la uso.

Ukimaliza, usipake kipande, paka mguu mzima kuanzia juu kwenye kiungo mpaka chini, kiraka siku zote kinaonekana ila mguu mzima jicho linasamehe. Kabla hujanunua kopo jaribu kwanza chini ya meza pasipoonekana, gusisha pamba yenye thina, juu pakilainika pakanata basi ilipigwa laka, pasipolainika ni vanishi. Ni muhimu kwasababu laka juu ya vanishi ya zamani inaweza kukunjamana kama ngozi ya maziwa. Ukiwa huna uhakika toa yote ya mguu huo kwa msasa uanze upya. Sila mara moja au mbili, msasa wa 320 kwa mkono mwepesi, halafu vanishi mikono miwili mitatu myembamba. Na huu ni mwezi wa nane Dodoma, upepo na vumbi mnaujua, kwahiyo vanishi piga asubuhi mapema ndani, sakafu nyunyizia maji vumbi litulie, madirisha ya upande wa upepo funga na ya upande mwingine wazi harufu itoke. Jua la saa saba usiwekee kitu kibichi, kinatoa malengelenge.

Mchele siku hizo mbili akae kwa jirani. Akikanyaga vanishi atailamba, na ikitokea imemshika manyoya usimpake thina, mafuta ya kula kwanza halafu sabuni na maji ya uvuguvugu.

*Fundi habari. Nimehamia Dodoma mwaka jana kikazi nimepanga Kisasa. Meza yangu ndogo ya sebuleni nilinunua Dar, juu imepasuka mstari mrefu. Wife anasema ni paka wa jirani anayeingilia dirishani. Nimdai jirani?*

Usimdai mtu kaka, paka hana kosa hapo. Kucha zinaacha mistari mitatu minne inayofuatana, mifupi, na mara nyingi kwenye kona au miguu. Ufa mmoja mrefu unaoanzia kwenye kichwa cha ubao ukafuata uzi, huo ni ukame. Mbao uliyonunua Dar ilizoea hewa ya bahari, umeileta huku ambako kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja hakuna tone, inatoa maji inasinyaa kwenye upana, na kama aliyeitengeneza aliupigilia uso wa meza kwa misumari kwenye fremu bila kuuachia nafasi, haina pa kwenda, inapasuka. Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 meza za namna hii karakana yangu imezipokea mpaka nimechoka kuhesabu. Sasa hivi usijaze kitu kwenye huo ufa, mvua za Desemba zikija mbao itavimba itaitema fila nje. Ulegeze uso wa meza kwanza, matundu ya skrubu kwenye fremu yatanuliwe yawe marefu kidogo kama yai, halafu ufa utiwe gundi na kubanwa. Na uitoe mbele ya dirisha la jua.

*Kabati langu la emdiefu lile lenye karatasi ya mfano wa mbao, paka kachana kona. Nipige msasa?*

Hapana! Emdiefu ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, na hiyo karatasi ya juu ni picha ya mbao, ukipiga msasa unafuta picha. Pasi ya mvuke pia hapana, emdiefu ikinywa maji inavimba kama andazi na hairudi. Kona bandua vipande vilivyolegea, tia gundi ya maji, laza, bana. Palipobaki weupe paka kiwi ya viatu ya rangi inayokaribiana, futa, paka tena, itaficha ukiwa mbali na mtu asiegemee na shati jeupe. Suluhisho la kweli ni kufunika kona kwa utepe wa mbao au alumini ya pembe ile ya tailizi, na hapohapo paka hapati pa kushika. Vinia, yaani ganda jembamba la mbao halisi lililobandikwa juu, hiyo ni kesi nyingine, haifiki hata milimita moja, msasa wa mkono wa 240 mara chache tu na uache mara uonapo rangi inabadilika.

*Mimi ni mzee wa Bahi. Kwangu tatizo hilo halipo. Viti vyote na vitanda miguu napaka oili chafu ya gari, mchwa hawaji na paka hagusi. Waambie watu, hakuna gharama.*

Shikamoo mzee wangu. Kwa mchwa nakuelewa kabisa, mchwa wa upande huo wanakula mpaka fremu ya dirisha. Lakini naomba nikupinge kwa heshima. Oili chafu ina mabaki ya metali na sumu nyingine za injini, paka haigusi kwa mdomo, ila inamshika kwenye nyayo na manyoya, halafu anajilamba, anaila. Kuku nao wanapita hapo, na wajukuu. Mafuta ya taa ni hivyohivyo. Kwa mbao yenyewe, ikishanyonya oili chafu hakuna gundi itakayoshika wala vanishi itakayokauka juu yake milele, fundi akiletewa anaijua kwa harufu kabla hajashusha kwenye guta. Kwa mchwa miguu ya kitanda inue isiguse udongo, isimamishe kwenye vikopo au vipande vya tofali, kila wiki angalia kama wamejenga njia yao ya udongo uivunje. Kama unataka mafuta ya kupaka, huko kwa wafuga nyuki wa Manyoni na Itigi nta inapatikana, yayushe kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, sio juu ya moto moja kwa moja, changanya na mafuta ya kitani, sugua kwa kitambaa. Paka hadhuriki na mbao inang'aa vizuri ajabu. Vile vitambaa vya mafuta ya kitani ukimaliza vitandaze nje vikauke, usivikunje ukavitupia kona, vinapata moto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Nta haizuii mchwa mzee wangu, sikudanganyi, ndo maana nimeanza na vikopo.

*Fundi mambo, niko Ng'ong'ona. Paka dume kakojolea mguu wa kitanda cha mbao, nilisafisha na jiki harufu ikaisha kabisa, mvua zilipoanza Desemba ikarudi kama jana. Nimerogwa?*

Poa dada. Haujarogwa, umekojolewa. Mkojo wa paka una asidi ya yuriki, inakaa kama chumvi ndani ya mbao na maji ya kawaida hayaitoi. Kiangazi cha huku kikavu inalala, unyevu wa mvua ukija inaamka. Na mguu wa kitanda ndo sehemu mbaya kuliko zote kwasababu chini pale uzi wa mbao umekatwa wazi, ni kama mirija imesimama wima, mkojo ukitiririka mpaka sakafuni mbao inaufyonza kwenda juu. Umefuta nje, wenyewe uko ndani.

Na jiki usirudie. Mkojo una amonia, ikikutana na jiki inatoa hewa ya sumu, kwenye chumba kimoja kilichofungwa unaweza kuumia kweli. Laza kitanda ubavu. Siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha mguu mpaka kitako, acha dakika kumi, futa, uache ukauke siku nzima. Halafu pakaa baiking soda iliyotiwa maji kidogo iwe kama dawa ya meno, lala nayo, asubuhi pangusa. Rudia kama bado. Kama kuna doa jeusi nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 duka la dawa, weka na pamba saa kadhaa, ila inaweza kupausha rangi hivyo jaribu ndani kwanza. Harufu ikiisha piga msasa, halafu kile kitako cha mguu kinyweshe sila mikono mitatu mpaka kigome kunywa. Ukiruka hiyo hatua ya kitako, Desemba tutaandikiana tena.

Kuhusu dume lenyewe, akisimama mkia juu akapiga mkojo ukutani na kwenye miguu ya vitu anaweka mipaka, dawa yake ni kuhasiwa, ongea na bwana mifugo, ukiwahi kabla hajazoea ndo inasaidia zaidi. Ila ukimuona anachuchumaa mara kwa mara yanatoka matone tu au damu au hakitoki kitu, hiyo sio tabia, ni ugonjwa, dume anaweza kuziba njia ya mkojo akafa ndani ya siku chache. Mpeleke siku hiyohiyo, kitanda kitasubiri.

*Fundi nimesikia kuna operesheni ya kutoa kucha za paka moja kwa moja. Inafanyika wapi?*

Sijui na sitaki kujua. Kucha ya paka imeota kwenye mfupa, kuitoa maana yake unakata kile kipande cha mwisho cha kila kidole. Wewe ungekatwa vidole kwasababu ya stuli? Rudi juu kasome habari ya nguzo.

*Mbwa wangu mdogo wa miezi minne anatafuna miguu ya viti. Na kwake nizungushie katani?*

Hapana, ataila. Huyo anaota meno, kati ya miezi mitatu na sita fizi zinamuwasha, mpe kitambaa kilicholoweshwa na kugandishwa kwenye friji atafune ukiwa unamuangalia, viti vipandishe juu ya meza mkiwa hampo. Kukiwa na kipande kimeng'oka kabisa kwenye kona kitafute kilipodondoka kabla hajakimeza, kukirudisha kwa gundi ni rahisi mara kumi kuliko kuchonga kipya.

*Ndugu mwandishi, mimi fundi mwenzako wa hapahapa mjini. Kila toleo unawafundisha wateja watengeneze wenyewe, sisi tule nini? Kuna mama mmoja Ilazo nilishakubaliana naye kazi, sasa ananiambia anasubiri kwanza fundi wa gazeti amjibu.*

Aisee kumbe ni wewe! Kazi zipo nyingi ndugu yangu. Kiungo kilicholegea kinachotaka kufunguliwa na kuchongwa upya ulimi wake, vinia iliyobanduka ubao mzima, mguu uliovunjika katikati, uso wa meza uliopinda, hizo hawaziwezi nyumbani na mimi siwafundishi, mtu akijaribu atakuletea ikiwa mbaya zaidi na utamchaji mara mbili. Hata nguzo za paka zenyewe, una vipande vya mbao vimelala karakana, una kamba, tengeneza kumi uziweke barabarani uone. Kwa yule mama wa Ilazo nenda tu, kamsaidie kufungua ile meza miguu ipigwe msasa vizuri ikiwa imelala, maana peke yake hataibeba. Ila lile kopo la brauni liache nyumbani.